Namba 142,857: Hisabati au Mazingaombwe?

Wanachuo wetu wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, jambo moja huwashughulisha kuliko mengine: namna ya kuliamsha darasa. Hofu yao ni ya haki. Mwanafunzi aliyesinzia hafundishiki, na vipindi vya hesabu, hasa vile vya kuzidisha na kugawanya namba kubwa, vina sifa ya kuwalaza watoto na mara nyingine hata mwalimu wao. Hata hivyo, ipo tofauti kati ya kuliamsha darasa na kulishangaza. Katika makala haya tunakusudia kuieleza tofauti hiyo kwa kutumia namba moja tu, nayo ni laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane na hamsini na saba.

Tuliyoyaona darasani

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la tano la shule moja ya msingi, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha kuzidisha namba za tarakimu sita. Alikuwa kijana mwenye sauti ya kusikika, ubao wake ulikuwa safi, na andalio lake la somo lilijazwa kila safu. Aliandika 142,857, akawaambia watoto kwamba hiyo ni namba ya ajabu, kisha akaanza kuizidisha:

142,857 × 1 = 142,857
142,857 × 2 = 285,714
142,857 × 3 = 428,571
142,857 × 4 = 571,428
142,857 × 5 = 714,285
142,857 × 6 = 857,142

Kila jawabu lilipotokea aliwataka watoto watazame vizuri. Tarakimu ni zile zile sita, tena kwa mfuatano ule ule, ila kila mara zinaanzia mahali pengine, kama watoto wanaozunguka katika duara la mchezo. Darasa lilichangamka. Alipofika kwenye 7 alinyamaza kidogo, akaandika 999,999, na watoto wakapiga makofi.

Hapo msichana mmoja wa dawati la mbele alinyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, kwa nini inafanya hivyo?" Mwanachuo akatabasamu, akajibu, "Ndivyo namba hii ilivyo." Mvulana mmoja akataka kujua kama 142,858 nayo inafanya hivyo. Akaambiwa kwamba hiyo ni namba ya kawaida tu. Kisha kengele ikalia.

Baada ya kipindi tuliwauliza watoto wachache nje ya darasa wamejifunza nini. Mmoja wao alijibu bila kusita, "Mwalimu ana namba yenye dawa."

Yatupasa tukiri kwamba siku ile tulimpa mwanachuo yule alama za juu. Tuliandika katika tathmini yetu kwamba somo lilivutia na wanafunzi walishiriki. Jioni, tulipokuwa tukirudi chuoni, ndipo jibu la mtoto yule lilipoanza kutusumbua. Tulikumbuka pia kwamba kosa lilikuwa letu kabla halijawa la mwanachuo, kwani sisi wenyewe ndio tuliomwonyesha namba hiyo hapa chuoni, kwa namna ile ile, tukafurahia makofi ya wanachuo kama yeye alivyofurahia makofi ya watoto.

Kosa lenyewe ni nini? Wapo watakaosema kwamba watoto walifurahi, walizidisha mara saba bila kuchoka, na hakuna aliyedhurika. Sisi tunaona kwamba wawili walidhurika, na hao ni wale wawili walioshika kiini cha hisabati kuliko wenzao. Mmoja aliuliza sababu. Mwingine alitaka kujaribu namba ya jirani ili aone mpaka wa jambo. Wote wawili walifundishwa kwamba maswali ya namna hiyo hayana mahali katika kipindi cha hesabu. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo elimu yetu haina budi kuyakuza. Akili hiyo haikuzwi kwa hotuba. Hukuzwa au huuawa katika dakika kama ile, mwalimu anapochagua kujibu "tuone" au "ndivyo ilivyo".

Siri iko katika baki

Tuseme basi lile ambalo lilipaswa kusemwa. Namba 142,857 haina dawa. Inatokana na kazi ambayo kila mtoto aliyejifunza kugawanya kwa njia ndefu anaiweza, yaani kugawanya kwa 7.

Tuchukue shilingi milioni moja tuwagawie ndugu saba sawasawa. Tukianza kugawa, 10 kwa 7 ni 1, baki 3. Tunashusha sufuri, inakuwa 30. Thelathini kwa 7 ni 4, baki 2. Ishirini kwa 7 ni 2, baki 6. Sitini kwa 7 ni 8, baki 4. Arobaini kwa 7 ni 5, baki 5. Hamsini kwa 7 ni 7, baki 1. Kila ndugu amepata shilingi 142,857, na imesalia shilingi moja ambayo siku hizi haina la kununua. Kwa hiyo:

1,000,000 = 7 × 142,857 + 1

Mstari huo mmoja unaeleza mara moja kwa nini kuzidisha kwa 7 kunaleta 999,999. Ndugu saba wakirudisha mafungu yao, zitapatikana shilingi milioni moja kasoro ile moja iliyobaki. Makofi ya darasa yalistahili kupigwa hapa, baada ya sababu kuonekana.

Sasa tuyatazame mabaki kwa mfuatano wake: tulianza na 1, kisha yakaja 3, 2, 6, 4, 5, na baadaye tukarudi kwenye 1. Mtu anapogawanya kwa 7, baki haliwezi kufika 7. Wala hapa haliwezi kuwa 0, kwa kuwa 10, 100, 1,000 na kuendelea zina vigawo tasa viwili tu, yaani 2 na 5, na 7 si mojawapo. Yanabaki mabaki sita yanayowezekana, nayo yote sita yametokea, kila moja mara moja. Tukiendelea kugawa ile shilingi moja kwa desimali, tunaanza tena na 10 kwa 7, na safari nzima inajirudia. Ndiyo maana moja ya saba kwa desimali ni 0.142857142857, na kuendelea bila kikomo.

Kutoka hapo swali la msichana lina jibu. Tugawanye shilingi milioni mbili kwa ndugu wale wale. Kila mmoja atapata mara mbili ya fungu la kwanza, na baki litakuwa mara mbili ya baki la kwanza, yaani 2. Lakini tukigawanya kwa njia ndefu, tunaanza na 20 kwa 7. Hatua hiyo tulikwisha kuipita: ilikuwa hatua ya tatu katika safari yetu. Kwa hiyo tunaingia katika duara lile lile, ila kwa mlango mwingine, na tarakimu zinatoka 2, 8, 5, 7, 1, 4. Tukigawanya milioni tatu tunaingia kwa mlango wa 30, na zinatoka 4, 2, 8, 5, 7, 1. Njia ni moja ya duara, na milango ni sita. Kuizidisha 142,857 kwa namba yoyote kuanzia 1 hadi 6 ni kuchagua mlango wa kuingilia.

Na yule mvulana je? Jibu lake lilihitaji dakika mbili za ubao. Mara mbili ya 142,858 ni 285,716. Mara tatu ni 428,574. Jawabu la kwanza linazidi lile la 142,857 kwa 2, la pili linazidi kwa 3, na watoto wangeweza kukisia wenyewe kwamba la mara nne litazidi kwa 4. Mara saba ya 142,858 ni 1,000,006. Mtoto angeona kwa macho yake kwamba fungu la shilingi 142,858 ni kubwa mno: ndugu saba wangehitaji shilingi sita ambazo hazipo. Namba aliyoambiwa ni ya kawaida tu ndiyo iliyokuwa ikieleza kwa nini jirani yake si ya kawaida.

Kuichambua namba

Mwalimu anayetaka kuifahamu namba huifungua kwa vigawo vyake. Tujaribu. Jumla ya tarakimu za 142,857 ni 27, kwa hiyo namba hii inagawanyika kwa 9, na jawabu ni 15,873. Jumla ya tarakimu za 15,873 ni 24, kwa hiyo inagawanyika tena kwa 3, tunapata 5,291. Tukichukua tarakimu za 5,291 na kuzitoa na kuzijumlisha kwa kupishanisha, yaani 5 − 2 + 9 − 1, tunapata 11, nayo ni dalili kwamba namba hiyo inagawanyika kwa 11. Jawabu ni 481, ambayo ni 13 × 37. Basi:

142,857 = 3 × 3 × 3 × 11 × 13 × 37

Kazi hii moja imetumia kanuni ya 3, ya 9 na ya 11, pamoja na kutafuta vigawo tasa. Wanafunzi hodari wanaweza kuendelea na kuhesabu vigawo vyote vya namba hii, wakivianza kwa 1 na kuishia kwa 142,857 yenyewe. Watavipata 32.

Vigawo hivyo vinafungua mlango mwingine. Tatu mara tatu mara tatu mara 37 ni 999, na 11 × 13 ni 143. Kwa hiyo namba yetu ni 143 × 999, au kwa maneno mengine, 143,000 kutoa 143. Ikatwe katikati, tupate 142 na 857. Jumla yake ni 999. Hili nalo huonyeshwa kama ajabu, lakini mwanafunzi anayejua kutoa ataona lilikotoka. Unapotoa 143 katika 143,000, unakopa elfu moja, na upande wa maelfu unabaki 142. Elfu uliyoikopa ukiitoa 143 inabaki 857. Kwa jumla umebakiwa na 143 kasoro moja, na elfu kasoro 143. Ukizijumlisha hizo mbili, zile 143 zinafutana na inabaki elfu kasoro moja.

Tumekwisha kuona pia kwamba mara saba ya namba yetu ni 999,999. Basi vigawo tasa vya 999,999 ni 3, 7, 11, 13 na 37. Hii ndiyo orodha ya namba tasa ambazo sehemu zake za desimali hurudi mahali pake katika hatua sita au katika hatua chache zinazoingia ndani ya sita. Moja ya thelathini na saba ni 0.027027, hatua tatu. Moja ya kumi na moja ni 0.0909, hatua mbili. Moja ya tatu hurudia kila hatua. Moja ya kumi na tatu ni 0.076923, hatua sita kama moja ya saba, lakini kwa tofauti moja kubwa tutakayoieleza hivi punde.

Mfano wa mwalimu mwenzetu

Wanachuo wengine hudhani kwamba uchunguzi wa namba ni kazi ya maprofesa. Yafaa wamkumbuke D. R. Kaprekar wa India, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1986. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Devlali, naye alitumia nafasi aliyoipata kuchunguza tabia za namba nzima. Leo aina moja ya namba hujulikana kwa jina lake. Huchukuliwa namba, ikazidishwa kwa yenyewe, jawabu likakatwa vipande viwili, na vipande hivyo vikijumlishwa vinarudisha namba ya kwanza. Mfano mdogo ni 45: 45 × 45 ni 2,025, na 20 kujumlisha 25 ni 45.

Namba yetu nayo imo katika ukoo huo. 142,857 × 142,857 ni 20,408,122,449. Likate jawabu hilo kwa kuacha tarakimu sita upande wa kulia: 20,408 na 122,449. Jumla yake ni 142,857.

Hapa tena tusikubali kushangaa bila kuuliza. Ukiigawanya 142,857 kwa 7 unapata 20,408, baki 1. Kuizidisha 142,857 kwa yenyewe ni sawa na kuizidisha kwa saba mara 20,408, kisha kuongeza 142,857 moja. Saba mara 142,857 tunaijua: ni 999,999, yaani milioni kasoro moja. Kwa hiyo jawabu ni milioni 20,408, kutoa 20,408, kujumlisha 142,857. Kipande cha kushoto ni 20,408. Kipande cha kulia ni 142,857 kutoa 20,408. Vikijumlishwa, kile kilichotolewa kinarudishwa. Hesabu hii hatuipendekezi kwa watoto wa darasa la tano. Tumeileta kwa ajili ya mwanachuo mwenyewe, aonje ladha ya kujua sababu kabla ya kwenda kuwapa watoto.

Namna ya kuifundisha

Tunapendekeza vipindi vitatu, vikifuatana na mada ya kugawanya kwa njia ndefu.

(a) Kipindi cha kwanza kiwe cha kugawanya. Mwalimu awape watoto shilingi milioni moja za kugawanywa kwa ndugu saba, asitaje ajabu yoyote. Kila hatua ifanywe ubaoni kwa ukamilifu, na mabaki yaandikwe kwa chaki ya rangi nyingine. Kosa la kawaida la walimu wetu ni kulifuta baki mara tu linapotumika, ilhali hapa baki ndilo somo lenyewe. Kipindi kiishie kwa swali: "Tukiendelea kugawa ile shilingi moja kwa desimali, tutaona nini?" Watoto wakae na swali hilo hadi kesho yake.

(b) Kipindi cha pili kiwe cha duara. Mwalimu akate kadi sita kutoka kwenye boksi kuukuu, aandike juu yake 1, 3, 2, 6, 4 na 5, kisha awape watoto sita wasimame kwa duara. Mwenye kadi ya 1 aseme, "Kumi kwa saba ni moja, baki tatu," na amwonyeshe mwenye 3. Huyo naye aseme, "Thelathini kwa saba ni nne, baki mbili," na amwonyeshe mwenye 2. Darasa liandike katika madaftari tarakimu zinazotajwa. Wakizunguka mara moja, mwalimu aulize wapi pa kuanzia endapo fedha zingekuwa milioni tano. Katika darasa la watoto sabini sita tu ndio watakaosimama, lakini waliokaa ndio wasahihishaji, na watu sita wanaweza kubadilishwa kila baada ya mzunguko.

(c) Kipindi cha tatu kiwe cha kujaribu na kushindwa. Watoto waliokwisha kuamini kwamba kila namba hufanya kama 7 wapewe 13. Watagawanya 1 kwa 13 na kupata 076923, kwa mabaki 1, 10, 9, 12, 3, 4. Watashangaa kuona kwamba mabaki mengine sita hayakutokea. Hapo waulizwe yako wapi. Wakianza na 2 watayakuta: 2, 7, 5, 11, 6, 8, na tarakimu 153846. Namba 7 ina duara moja, 13 ina maduara mawili. Mtoto atakayeligundua jambo hili mwenyewe hatalisahau, wala hatasema tena kwamba mwalimu ana dawa, kwa sababu duara la pili amelipata yeye kwa kalamu yake.

Pingamizi tunazozijua

La kwanza ni la muda. Tunaambiwa kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hauulizi duara la mabaki. Tunajibu kwamba vipindi hivi vitatu ni mazoezi ya kugawanya, kuzidisha, desimali, vigawo na kanuni za kugawanyika, mambo ambayo mwalimu angeyafundisha vyovyote vile. Kuna faida nyingine. Mtoto anayezidisha 142,857 kwa 5 na kupata tarakimu ngeni anajua papo hapo kwamba amekosea, bila kusubiri daftari lirudi kutoka kwa mwalimu mwenye madaftari sabini ya kusahihisha. Namba hii husahihisha wenyewe waitumiao.

La pili ni la kikokotoo. Wapo wanaosema kwamba siku hizi simu na vikokotoo vinagawanya vyote, ya nini kujisumbua? Mwanachuo achukue kikokotoo cha kawaida cha tarakimu nane, agawanye 1 kwa 7. Ataona 0.1428571. Je, tarakimu inayofuata ni ipi? Zinarudia au hazirudii? Kikokotoo hakisemi. Anayeyafahamu mabaki husema bila kusita, tena kwa hatua ya mia au ya elfu.

La tatu halisemwi kwa sauti, lakini ndilo zito kuliko yote. Mwanachuo huogopa kwamba akifungua mlango wa "kwa nini" ataulizwa asilolijua. Mazingaombwe humlinda, kwani mganga haulizwi maswali. Hofu hii tunaielewa, kwa kuwa nasi tuliwahi kuwa nayo, na pengine ndiyo iliyotufanya tuwaonyeshe wanachuo namba hii bila sababu zake.

Kwa hofu hiyo tuna jambo moja la kusema. Siku moja mtoto aliyekwisha kuona duara moja la 7 na maduara mawili ya 13 atauliza: "Mwalimu, ni namba tasa zipi nyingine zenye duara moja tu?" Mwalimu anaweza kumsaidia kutafuta. Chini ya mia moja zipo tisa: 7, 17, 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97. Mtoto ataendelea: "Je, zina mwisho?" Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani alizichunguza desimali hizi katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1801. Mwaka 1927 Emil Artin alitoa kisio ambalo kulingana nalo namba tasa za namna hiyo hazina mwisho. Mpaka leo hakuna mtu aliyelithibitisha. Kwa swali hilo, jibu la mwalimu wa shule ya msingi na jibu la profesa mkubwa kuliko wote ni moja: hatujui bado.

Tazama basi umbali uliopo. Kutoka kwenye shilingi milioni moja za ndugu saba hadi kwenye swali lisilojibika ni hatua tano au sita, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuzitembea zote iwapo mwalimu hatamzuia mlangoni. Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi tunathubutu kuongeza kwamba anayezuia maswali hanalo afundishalo, hata kama darasa zima linampigia makofi.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo tutakaa tena nyuma ya madarasa yenu, ndugu wanachuo. Tukiiona 142,857 ubaoni hatutahesabu makofi. Tutangoja mkono wa kwanza unyoshwe, na tutaandika katika tathmini yetu mlichomjibu mtoto huyo.